Jina, siri na hataza: ni kipi hasa kinachomzuia mshindani wako

Mfanyabiashara akisikia "miliki bunifu", mawazo humkimbilia mvumbuzi, mashine mpya na cheti cha hataza (patent), yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, ukutani. Kwa biashara nyingi za Afrika Mashariki hataza ndiyo ya mwisho kwenye foleni, na zipo zisizoihitaji kabisa. Swali la kujiuliza ni hili: mshindani akinunua bidhaa yako dukani leo, akaifungua juu ya meza, ataweza kuiga nini, na itamchukua muda gani?

Jina na lebo ataviona papo hapo. Umbo na namna vipande vilivyoungana ataviona akishika bisibisi. Joto la kukaangia, mpangilio wa hatua, kiasi cha kiungo hiki kwa kile, huenda asivijue hata akipeleka maabara. Vitu hivyo vitatu vina ulinzi tofauti, na anayevichanganya hulipia ulinzi asiouhitaji huku ule anaouhitaji ukiwa wazi.

Chukua mfuko wa PICS, ule ambao wakulima wengi wanauita mfuko wa kinga njaa. Nje kuna kiroba cha kufuma cha kawaida. Ndani kuna mifuko miwili ya polithini nzito, kila mmoja una unene wa mikroni 80 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukijaza mahindi yaliyokauka vizuri, ukakamua hewa na kufunga kila mfuko peke yake, wadudu waliomo wanaimaliza oksijeni wenyewe. Dumuzi anaacha kula, anaacha kuzaa, anakufa. Hakuna dawa. Utafiti wake ulianza Cameroon miaka ya 1980 kwa ajili ya kuhifadhi kunde, ukiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Ukiufungua mfuko huu mezani umeshaona kila kitu. Kiwanda chochote chenye mashine ya kupuliza nailoni kinaweza kutoa unaofanana nao.

Hapo ndipo jina linapofanya kazi. PICS ni alama ya biashara, na viwanda huitumia kwa leseni, kwa sharti la kufuata viwango. Kiwanda kikishusha unene kutoka mikroni 80 hadi 40, kimeokoa nusu ya plastiki ya ndani, na plastiki ndiyo gharama kubwa ya mfuko. Kwa macho, mkulima sokoni hatagundua. Atagundua miezi minne baadaye, gunia likiwa limejaa unga wa dumuzi, na msimu unaofuata hataugusa mfuko wa aina hiyo, uwe wa nani. Leseni ya jina ndiyo inayompa mwenye jina nguvu ya kusema kiwanda hiki kisichape tena. Teknolojia iko wazi kwa kila mtu, lakini imani ya mkulima ina mwenyewe.

Cheti ulichonacho huenda si hicho

Kosa linalorudiwa kuliko yote Tanzania Bara ni kudhani kwamba kusajili jina la biashara ni kulilinda. BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, husajili kampuni, majina ya biashara, alama za biashara na huduma, na hataza, kila kimoja kwa sheria yake. Cheti cha jina la biashara kinaieleza serikali nani yuko nyuma ya jina fulani. Hakikupi haki ya kumzuia mtu wa Mbeya asibandike jina hilohilo kwenye chupa yake. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na inaombwa kwa fomu tofauti na ada tofauti. Alama ya TBS haikulindii jina. TIN hailindi. Msimbo pau unaoanza na 620 haulindi. Huo unasaidia mashine ya supermarket kutambua bidhaa, basi.

Kabla ya kuomba, angalia jina lenyewe. Majina tunayoyapenda ndiyo dhaifu: "Asali Safi", "Unga Bora", "Karanga Tamu". Yanaeleza bidhaa, na Msajili hatakukabidhi peke yako maneno ambayo kila muuza asali anayahitaji. Majina ya mahali nayo ni tabu. Kuna bia inayoitwa Kilimanjaro na kuna maji ya kunywa yanayoitwa Kilimanjaro, ya kampuni mbili tofauti, na huwezi kuhesabu hoteli na kampuni za utalii zenye jina la mlima huo. Jina la kubuni, lisilo na maana yoyote kabla yako, ndilo lenye nguvu kuliko yote. Gharama yake ni kwamba itakubidi uwafundishe watu, na mtu wa mauzo atalalamika. Mwache alalamike.

Tanzanite ni mfano wa jina lililokosa mwenyewe. Jiwe lilipatikana Mererani mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaliita tanzanite kwa ajili ya kuliuza. Leo hilo ni jina la jiwe tu, kama almasi ilivyo almasi. Sonara wa Jaipur akilikata na kuliandika tanzanite halipi chochote kwa yeyote kwa neno hilo, ingawa ardhi linakotoka ni moja tu duniani.

Ombi lenyewe linapita kwenye mfumo wa usajili wa mtandaoni wa BRELA. Fanya upekuzi kwanza, na usiishie kwenye tahajia: tafuta matamshi. Kubadili herufi moja au kuongeza "h" katikati hakukuokoi, kwa sababu mteja hununua kwa kutamka. Kisha chagua kundi. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa makundi 45, na Bara kila ombi ni la kundi moja. Siagi ya karanga iko kundi la 29. Unga, asali, kahawa na viungo viko la 30. Juisi na maji, la 32. Sabuni na losheni, la 3. Mgahawa, la 43. Mtego mkubwa uko kwenye unga wa lishe: ukiwa wa familia ni kundi la 30, ila ukiuza kama chakula cha watoto wachanga unaingia la 5, na mwenye cheti cha 30 peke yake anaweza kumkuta mwenzake amekaa la 5 na jina lilelile.

Kama fedha inatosha ombi moja, omba neno lenyewe kwa herufi za kawaida, bila mchoro. Nembo utaibadilisha baada ya miaka michache, neno litabaki. Nembo ikichorwa na fundi wa grafiki, mwandikie karatasi ya ukurasa mmoja inayosema hakimiliki ya mchoro imehamia kwako, isainiwe siku ya malipo, na uchukue faili la asili lile linaloweza kuhaririwa, si picha ya JPEG. Na mwombaji awe kampuni kama kampuni ipo. Alama iliyoandikwa kwa jina la mwanahisa mmoja huleta zogo siku mwekezaji anapoomba nyaraka, au siku wanahisa wanapogombana.

Msajili akiridhika, ombi hutangazwa kwenye jarida la alama za biashara, na kwa siku 60 yeyote anaweza kuweka pingamizi. Wengi wanalijua jarida hilo kwa upande mmoja tu, wa kusubiri tangazo lao lipite. Ni lako pia. Mtu akiomba jina linalokaribiana na lako, siku hizo 60 ndizo za kumzuia kwa gharama ndogo. Cheti kikishatoka unakwenda kupigania kufutwa kwake, ambako ni kesi. Mpe mtu mmoja ofisini kazi ya kulisoma kila toleo.

Bara alama hudumu miaka 7 tangu kuombwa, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya, kwenye KIPI, taasisi ya huko inayosajili alama na hataza, ni miaka 10 tangu mwanzo. Usipoitumia inaweza kufutwa kwa ombi la mtu mwingine: Bara baada ya miaka 3, Kenya baada ya 5. Kwa hiyo tunza ankara, picha za bidhaa rafuni zenye tarehe na nakala za matangazo. Ndizo ushahidi wa matumizi.

Ukivuka maji au mpaka

Cheti cha Bara hakifiki Zanzibar. Miliki bunifu si jambo la Muungano; Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake, BPRA. Anayepeleka mzigo Darajani kwa boti bila kusajili huko hana alama huko. Wengi hushtuka wakiambiwa hivyo.

Kwa nchi jirani kuna njia mbili. Ya kwanza ni nchi kwa nchi. Ya pili ni ARIPO, shirika lenye makao Harare, ambalo kwa Itifaki ya Banjul hupokea ombi moja na kulipeleka nchi wanachama utakazozitaja, Tanzania na Uganda zikiwemo. Ni rahisi na nadhifu, ila kwa Tanzania mawakili wengi hushauri usajili pia nyumbani moja kwa moja, kwa sababu nguvu ya itifaki hiyo ndani ya sheria za nchi imekuwa ikihojiwa. Vyovyote utakavyochagua, Mkataba wa Paris wa miliki ya viwanda (si ule wa tabianchi) unakupa miezi 6 tangu ombi lako la kwanza: ukiomba kwingine ndani ya muda huo, tarehe yako ya kwanza inahesabika. Ikipita, aliyewahi amewahi.

Na anayewahi mara nyingi ni wakala wako. Msambazaji wa Nairobi, Kampala au Lubumbashi anaona bidhaa inatoka vizuri, anasajili jina kwa jina lake "ili kulilinda", na mkataba ukivunjika wewe ndiye unayeonekana mwizi. Sajili kabla ya kumtumia katoni za kwanza, na kwenye mkataba weka kifungu kwamba hataomba usajili wa jina hilo mahali popote.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaochapisha chapa zao kwenye mizigo ya Guangzhou na Yiwu wana hatari yao peke yake. China humtambua anayewahi kuomba. Mtu mwingine akishasajili jina lako huko na kuliandikisha kwa forodha yao, kontena lako linaweza kuzuiwa bandarini likiwa linatoka, hata kama hujauza kipande kimoja ndani ya China. Usajili wa kundi moja huko ni nafuu kuliko wiki chache za mzigo uliokwama.

Kutoka leseni hadi bidhaa yako

Ubunifu hauanzi lazima na kitu kipya duniani. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilikuwa kikitengeneza nguo na vyandarua. Mwaka 2003 kikaanza kutoa chandarua cha Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani, iliyotolewa bila mrabaha. Katika Olyset dawa ya permethrini, asilimia 2 kwa uzito, huchanganywa na polithini kabla ya kuvutwa kuwa uzi. Imo ndani ya uzi na hutoka polepole kuja juu, ndiyo maana kukifua hakuimalizi kama ile ya kuchovya. Ukisoma maelezo hayo unaweza kudhani umeshajua kutengeneza. Bado. Joto la kuyeyushia likipanda mno dawa inaharibika. Likishuka uzi haulingani na hukatika kwenye mashine. Maarifa hayo hayamo kwenye cheti chochote. Yalikuja na mafundi, vipimo na makosa ya sakafuni.

Kilichofuata ndicho cha kutazama. Kiwanda hichohicho baadaye kilitoa chandarua chake chenyewe, MiraNet, chenye dawa nyingine, alfa-saipamethrini, na kikaingia pia kwenye mifuko ya kuhifadhi nafaka kwa jina la AgroZ. Leseni iliwafundisha kazi, kazi ikawapa majina yao. Ukipewa leseni, usome mkataba kwa jicho hilo: maboresho mtakayofanya ninyi ni ya nani? Mikataba mingi huandikwa kwamba maboresho yote yanarudi kwa mtoa leseni bila malipo. Ukisaini hivyo, miaka kumi ya mafundi wako inaishia kwa mwingine. Omba angalau maboresho yawe yenu, naye apate ruhusa ya kuyatumia.

M-Pesa inaonyesha upande wa pili wa leseni. Ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, lakini jina na mfumo vilikuwa vya Vodafone, na Safaricom ililipia kwa sehemu ya mapato. Aprili 2020 Safaricom na Vodacom zilikamilisha kuvinunua kwa pamoja. Wakati huo huduma yenyewe, kutuma pesa kwa simu, ilikuwa imeshaigwa na kila mtandao, bila wa kuwazuia. Tena jina moja halikuzaa matokeo yaleyale: Kenya M-Pesa ilitawala, Tanzania soko likagawanyika kati ya mitandao kadhaa. Alama inazuia watu kutumia jina. Mawakala, bei na kazi ya kila siku ndivyo vinavyomleta mteja, na hakuna ofisi ya usajili inayotoa hivyo.

Siri, kwa wanaoweza kuitunza

Mchanganyiko wa pilau masala, joto la kuoka karanga kabla ya kusaga, muda wa kuchachusha, kiwango cha magadi kwenye sabuni: hivi havionekani kwenye bidhaa, kwa hiyo kuvipeleka kwenye hataza ni kuvitangaza. Viache kuwa siri. Ila siri ina masharti. Bara ulinzi wake unategemea zaidi mikataba, na mahakama itakuuliza ulifanya nini kuitunza. Mkataba wa usiri usainiwe kabla mfanyakazi hajaingia jikoni. Unaosainishwa siku anaaga hauna meno.

Njia ya kiwandani ni ya kimya na inafaa kuliko karatasi. Mtu mmoja anapima viungo na kuvifunga kwenye mifuko ya "A" na "B". Mchanganyaji kwenye sakafu anajua tu mfuko mmoja wa A na miwili ya B kwa kilo 50. Nunua viungo kwa wauzaji wawili tofauti, maana muuzaji mmoja anayekuletea kila kitu anaweza kukisia fomula kwa kutazama oda zako. Usipige picha daftari la vipimo na kulituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Inasikika kama utani, lakini ndiyo njia siri nyingi zinavyotoka. Na jua mipaka: mshindani akigundua mwenyewe kwa kuonja na kujaribu, hajakuibia.

Hataza, na kosa la maonyesho

Hataza inafaa pale mambo mawili yanapokutana: wazo linaonekana mara bidhaa ikifunguliwa, na soko ni kubwa kiasi cha kulipia kesi. Bara inadumu miaka 10, ikiongezwa mara mbili kwa miaka 5. Kuna pia cheti cha uvumbuzi mdogo, cha miaka 7 Bara na 10 Kenya, ambacho kinafaa zaidi maboresho ya zana: lazima kitu kiwe kipya na kitengenezeke, bila kulazimika kupita kiwango kirefu cha ubunifu ambacho hataza inadai.

Linaloua maombi mengi ni upya. Kitu kikishaonyeshwa hadharani kabla ya kuombwa, kwa kawaida si kipya tena. Banda la Sabasaba ni hadharani. Nanenane ni hadharani. Meza ya MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, mbele ya majaji na kamera ni hadharani, na video ya TikTok ndiyo kabisa. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kusamehewa baada ya kujitangaza. Hataza ya Ulaya kwa kawaida haitoi hata siku moja. Kwa hiyo omba kwanza, hata kwa maelezo ambayo bado yatahitaji kazi, ndipo ubebe mashine kwenda viwanjani. Ombi hilo linakupa miezi 12 ya kuamua utaomba nchi gani nyingine.

Ndani ya ombi, sehemu inayolinda ni madai. Maelezo na michoro vinaeleza; madai ndiyo yanayochora mpaka wa shamba. Tuseme umeunda kikaushio cha dagaa cha jua ambacho trei zake hugeuka kwa mkono mmoja bila kufungua mlango. Ukiandika dai la kwanza kuwa ni "kikaushio chenye trei sita za mbao zinazogeuzwa kwa mnyororo wa baiskeli", mshindani atatengeneza cha trei tano za bati na kamba, na amekukwepa. Dai la kwanza liseme utaratibu wa kugeuza trei kutoka nje ya boksi lililofungwa. Mbao, idadi na mnyororo viwekwe kwenye madai madogo yanayofuata. Hii ndiyo kazi ya kumlipa wakala mzoefu. Mengine kwenye fomu unaweza kujaza mwenyewe.

Upande wa hataza ambao wafanyabiashara wetu hawautumii ni kuzisoma. Hifadhi za Patentscope na Espacenet ni za bure na zina nyaraka zaidi ya milioni 100, na michoro kamili. Hataza hulinda nchi ilikosajiliwa tu, na kwa kawaida haizidi miaka 20. Mashine ya kumenya korosho iliyolindwa India na Brazili pekee unaweza kuitengeneza Mtwara. Tafuta kwa maneno ya Kiingereza, fungua michoro kwanza, kisha angalia hali ya kisheria na orodha ya nchi, pamoja na maombi yaliyopitia ARIPO. Kumbuka tu kwamba uhuru huo unaishia mpakani: mashine hiyohiyo ukiiuza India, umeingia kwenye madai ya mwenyewe.

Siku ya kuikuta bidhaa yako kwa mwingine

Ukikuta bidhaa ya kuiga, usianze kwa kugombana na muuza duka. Nunua vipande viwili au vitatu, dai risiti, piga picha ya duka na rafu, andika tarehe. Weka kando bidhaa yako na ya kuiga na uandike tofauti moja moja: rangi ya kifuniko, nafasi ya tarehe ya kuisha, gundi ya lebo, uzito halisi kwenye mizani. Peleka malalamiko ya maandishi Tume ya Ushindani, ambayo Bara ndiyo husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa, ukiambatanisha cheti cha alama na sampuli. Kenya nenda Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Bila cheti cha alama utasikilizwa kwa heshima na kurudishwa nyumbani.

Kabla ya hapo lakini, kagua lebo yako mwenyewe. Herufi R ndani ya duara ni ya alama iliyokwisha sajiliwa. Kuiweka ombi likiwa bado linasubiri ni kuudanganya umma, na wakili wa upande wa pili ataitafuta hiyo kwanza. Wakati unasubiri tumia TM. Halafu angalia kama jina na nembo zilizo kwenye chupa ndizo zilizo kwenye cheti. Mchapaji akibadilisha mwandiko, mtu wa masoko akiongeza neno "Plus" katikati, miaka ikapita, unaweza kujikuta unadai haki kwa cheti cha alama ambayo huitumii tena.